Magadi ya Oldoinyo Lengai hayakutoka ziwani

Ndugu zangu wanafunzi wa jiolojia, mafundi wa maabara, na wenzetu wa idara za maji mliofika leo, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie kemia ya miamba ya moto ya kaskazini mwa Tanzania na asili ya miamba hiyo. Eneo lenyewe ni pana: Kilimanjaro na Meru, Essimingor, Ngorongoro, Kerimasi, hadi kingo za Ziwa Natron. Nikitaka kuligusa lote nitawachosha bure. Nitasimama kwenye mlima mmoja, Oldoinyo Lengai, na swali moja: magadi yaliyomo kwenye lava yake yametoka wapi? Jibu limepatikana kwa vipimo, na vipimo vya mwamba huu huharibika upesi kuliko vya mwamba wowote mwingine wa moto. Kwa hiyo tutapita kwanza kwenye chupa, misumeno na asidi, ndipo tufike kwenye nadharia.

Mlima huu uko kusini mwa Ziwa Natron, ndani ya Bonde la Ufa, na kilele chake kinakaribia mita 2,960 juu ya usawa wa bahari. Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Mwili wake wenyewe si magadi. Zaidi ya asilimia 90 ya koni ile ni fonolaiti na nefelinaiti, nyingi zikiwa ni majivu na vipande vilivyorushwa vikashikamana. Ni miamba yenye silika kidogo na alkali nyingi, na humo hutapata hata punje ya kwazi. Lava ya magadi iko kileleni, ndani ya kreta na kwenye michirizi iliyofurika kingo zake. Kwa ujazo ni kidogo, lakini ndiyo iliyoufanya mlima huu usomwe duniani kote, maana hakuna volkano nyingine hai inayojulikana kutoa lava ya kabonati, kundi la chumvi ambamo magadi yamo, badala ya lava ya silikati, iliyojengwa kwa silika.

Kabla ya mwaka 1960 jambo hilo lilibishaniwa sana. Miamba iitwayo kabonataiti, yaani iliyojaa kabonati, ilikuwa ikijulikana sehemu nyingi, lakini karibu yote ilikuwa ya kalsaiti, yaani kabonati ya kalsiamu, na wapo waliosema hiyo ni chokaa ya mashapo tu iliyomezwa na magma njiani. Hoja yao ilikuwa na nguvu: ukichoma kalsaiti kwenye hewa ya kawaida huvunjika ikabaki chokaa hai na gesi kabla haijayeyuka. Mwaka 1960 Peter Wyllie na Orville Tuttle walichapisha majaribio ya tanuri la shinikizo yaliyoonyesha kwamba kalsaiti ikiwa pamoja na maji chini ya shinikizo huyeyuka hata chini ya nyuzi joto 700. Mwaka huohuo Barry Dawson aliiona lava ya kabonati ndani ya kreta ya Lengai, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1962. Ubishi kuhusu kama kabonati inaweza kuwa magma ukaishia hapo. Ubishi kuhusu inakotoka ndio kwanza ulikuwa unaanza.

Lava hiyo ikiwa mbichi ina oksidi ya sodiamu karibu asilimia 32, oksidi ya kalsiamu karibu 14, oksidi ya potasiamu karibu 8, na kabonidayoksaidi kati ya 31 na 32. Klorini ni kama asilimia 3, florini ni zaidi ya 2, salfa ipo, na oksidi za strontiamu na bariamu huzidi asilimia 1 kila moja. Silika haifiki asilimia 1. Madini yake makuu ni mawili. La kwanza ni nyerereaiti, Na₂Ca(CO₃)₂, iliyopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere; hujitokeza kama vibao bapa. La pili ni gregoriaiti, kabonati ya sodiamu yenye potasiamu na kalsiamu kidogo, iliyopewa jina la J. W. Gregory aliyelieleza Bonde la Ufa kisayansi. Fuwele zake ni za mviringo. Kati ya fuwele hizo mna uji ulioganda wenye chumvi za kloridi na floridi. Shikeni umbo la fuwele hizo mbili, tutalihitaji.

Joto la lava lililopimwa kreta ni kati ya nyuzi 490 na 595, nusu tu ya joto la basalti. Kwa hiyo mchana haionyeshi wekundu. Inatiririka nyeusi au kahawia, nyepesi mno, na mgeni anaweza kudhani ni tope. Wekundu wake hafifu huonekana usiku tu. Anayetaka sampuli ya lava inayotembea asikanyage sehemu yoyote nyeusi inayong'aa mpaka ameijaribu kwa fimbo ya chuma, na avae miwani na glavu, kwa sababu vumbi la lava iliyokauka huwasha macho na ngozi.

Sasa tuje kwenye kuchukua sampuli. Adui hapa ni unyevu, na anafanya kazi haraka. Lava iliyoganda nyeusi huanza kupata unga mweupe ndani ya saa chache, na ukungu wa usiku mmoja kileleni unatosha kuubadili uso wote. Kinachotokea ni kwamba kloridi na gregoriaiti zinachukuliwa na maji kwanza, zikiondoka na sodiamu, potasiamu, klorini na salfa. Nyerereaiti nayo inameza maji: ikichukua molekuli 2 inakuwa pirsonaiti, ikichukua 5 inakuwa gailusaiti. Fanyeni hesabu hiyo. Molekuli ya nyerereaiti ina uzito wa 206. Ikiongezewa maji 5, yenye uzito wa 90, inafika 296. Gramu 100 za nyerereaiti zinakuwa karibu gramu 144 za gailusaiti, na asilimia 30 ya hizo ni maji. Ndiyo maana mwamba hufura, hupasuka na kubomoka mkononi. Mvua zikiendelea, sodiamu yote huondoka na mwisho hubaki kalsaiti. Mtu akiokota kipande hicho baada ya miaka na kukipeleka maabara, ataletewa majibu ya kabonataiti ya kawaida ya kalsiamu, na majibu hayo yatakuwa sahihi kabisa kwa kipande alichopeleka.

Kwa hiyo: chota kwa kijiko cha chuma chenye mpini mrefu, mimina kwenye bamba kavu la chuma, acha igande hapo. Usiipoze kwa maji kwa namna yoyote. Ikiwa bado na uvuguvugu, ivunje vipande vya ukubwa wa ndimu na uvitie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, pamoja na kifuko cha silika jeli. Zungushia mkanda, kisha tia chupa ndani ya mfuko mzito wa plastiki. Kwenye daftari andika saa mbili: saa lava ilipotoka na saa chupa ilipofungwa. Sampuli isiyokuwa na saa hizo haifai kulinganishwa na nyingine, hata kama imepimwa kwenye mashine bora kuliko zote. Chukua chupa tatu za mtiririko mmoja. Moja itafunguliwa kwa ajili ya slaidi, yaani kipande chembamba cha mwamba cha kutazamwa kwa hadubini, moja ya kemia, na moja ibaki haijafunguliwa hadi majibu yatakapokubalika.

Nefelinaiti na fonolaiti za mteremkoni zinataka uangalifu wa aina nyingine. Hizo haziozi kwa siku moja, ila zina fuwele kubwa za nefelini na piroksini, nyingine zikizidi sentimita 1. Kipande cha ukubwa wa ngumi hakiwakilishi mwamba wenye fuwele kubwa namna hiyo; beba kilo 3 hadi 5. Halafu angalia mipasuko. Maji ya mvua yanayoshuka kutoka kileleni yanaingiza magadi ndani ya miamba hii, na utaona mishipa na madoa meupe. Ondoa sehemu hizo kwa nyundo na patasi palepale mlimani, au sodiamu na strontiamu utakazopima hazitakuwa za magma iliyouzaa mwamba huo.

Maabara, kosa la kwanza hufanyika kwenye msumeno. Msumeno wa kawaida wa kukata miamba hupozwa kwa maji. Natrokabonataiti, yaani lava hii ya magadi, ikatwe kwa msumeno unaopozwa kwa mafuta, inolewe kwa mafuta na unga wa almasi, na isafishwe kwa spiriti isiyo na maji. Fundi akitumia maji, gregoriaiti huyeyuka na kuacha mashimo. Kumbuka nilisema ni ya mviringo. Slaidi inatoka na matundu ya mviringo, na msomaji anaandika kwenye ripoti kwamba lava ilikuwa na mapovu mengi ya gesi. Ukiona matundu ya mviringo yaliyolingana ukubwa, na kuta zake hazina utando wa madini mengine, uliza slaidi ilitengenezwaje kabla ya kuandika neno juu ya gesi.

Kwenye mashine ya kupima fuwele kwa mwale wa elektroni, sodiamu hukimbia mwale. Panua mwale hadi mikroni 10 au 20, punguza mkondo uwe nanoampia 5 hadi 10, na hesabu sodiamu kwanza kabla ya elementi nyingine. Ukianza na strontiamu ukamalizia na sodiamu, jumla itapungua na utalaumu mashine.

Kwenye kusaga, chagua kinu kwa kuangalia swali lako. Kinu cha kabidi ya tangsteni kinasaga haraka lakini kinaacha tangsteni, kobalti na tantalamu kwenye unga. Uwiano wa niobiamu na tantalamu ukiutaka, kinu hicho hakifai. Chuma kinaacha chuma, kromiamu na manganisi. Akiki ni polepole, ila ni safi. Saga kipande cha kwazi safi kati ya sampuli na sampuli.

Sasa niseme juu ya kipimo kimoja kinachopotosha watu wengi: uzito unaopotea kwenye tanuri. Kwa mwamba wa kawaida tunachoma unga hadi nyuzi 1,000 na kuhesabu upungufu kuwa ni maji na kabonidayoksaidi. Natrokabonataiti imeshayeyuka kabla ya nyuzi 700. Ikifika 1,000 inaushambulia udongo wa kikombe, na sodiamu, potasiamu na klorini zinapaa pamoja na gesi. Upungufu unaonekana mkubwa na wote unapewa jina la kabonidayoksaidi. Usitumie njia hiyo. Pima kabonidayoksaidi moja kwa moja kwa kuitoa kwa asidi na kuikamata, na pima maji peke yake. Sodiamu na potasiamu ziyeyushwe kwenye asidi ya naitriki iliyozimuliwa, ikitiwa tone kwa tone, kwa kuwa povu linaweza kumwaga nusu ya sampuli mezani. Usitumie asidi ya haidrokloriki kama unataka kupima klorini kutoka chupa hiyohiyo. Inashangaza jinsi kosa hilo lilivyo la kawaida.

Baada ya hapo unajumlisha. Florini na klorini zinakaa mahali pa oksijeni, lakini jedwali lako limeandika kila kitu kama oksidi, kwa hiyo kuna oksijeni uliyoihesabu isiyokuwepo. Zidisha florini kwa 0.421 na klorini kwa 0.226, kisha toa. Tuseme florini ni 2.5 na klorini 3.4: unatoa 1.05 na 0.77, jumla 1.82. Kwa basalti marekebisho haya hayana maana. Kwa lava ya Lengai ndiyo yanayotofautisha jumla ya asilimia 100 na jumla ya karibu 102. Kama jumla yako ilikuwa 100 kamili kabla ya kutoa, ujue kuna kitu hukukipima.

Kwa elementi zilizomo kwa kiasi kidogo sana, zinazosomwa kwa ICP-MS, mashine inayozitenganisha kwa uzito wa atomi, tunayeyusha miligramu 50 hadi 100 za unga. Nefelinaiti inahitaji asidi ya haidrofloriki pamoja na ya naitriki ndani ya kikombe cha tefloni kilichofungwa, siku mbili kwenye joto la nyuzi 120 hadi 150. Anayefanya kazi hiyo awe na jeli ya kalsiamu glukoneti mezani, wazi, si kabatini, kwa sababu asidi hiyo hupenya ngozi kabla maumivu hayajaanza. Kwa kabonataiti asidi hiyohiyo ni mtego: inakutana na kalsiamu na kutengeneza floridi nyeupe inayozama chini na kushikilia elementi adimu za kundi la lanthani. Mashine inasoma maji ya juu, majibu yanatoka madogo, na mtu anaandika kwamba mlima ni maskini wa elementi adimu. Yeyusha kabonati kwanza kwa asidi ya naitriki, chuja, kisha shughulikia mabaki, au yeyusha yote kwa kuchoma na litiamu metaboreti. Pima pamoja na sampuli rejea, yaani ile ambayo viwango vyake vinajulikana tayari. COQ-1, kabonataiti inayotolewa na idara ya jiolojia ya Marekani, ni nzuri kwa elementi adimu, ila ni ya kalsaiti, hivyo haikuthibitishii sodiamu.

Tukishapata namba za kuaminika, tunazisomaje? Usiipeleke natrokabonataiti kwenye mchoro wa silika dhidi ya alkali. Mchoro ule ni wa miamba ya silikati, na nukta yako itaangukia mahali pasipo na jina. Kwa nefelinaiti, kipimo chenye manufaa zaidi ni uwiano wa molekuli za sodiamu na potasiamu kwa alumini. Chukua mfano: alumina 14, oksidi ya sodiamu 11, oksidi ya potasiamu 5. Gawanya kila moja kwa uzito wa molekuli yake, yaani 102, 62 na 94.2. Unapata 0.137, 0.177 na 0.053. Jumlisha mbili za mwisho, gawanya kwa ya kwanza: 1.68. Ikizidi 1, alumini haitoshi kuifunga sodiamu yote ndani ya nefelini na feldspa. Sodiamu iliyobaki lazima itafute pa kwenda. Katika nefelinaiti changa za Lengai ziada hiyo ni kubwa kiasi cha kuzaa kombeaiti, silikati ya sodiamu na kalsiamu iliyotambuliwa mara ya kwanza Shaheru, pembeni mwa Nyiragongo nchini Kongo. Milima hiyo miwili, upande huu na upande ule wa ngao ya kale ya Tanzania, inatoa magma zenye undugu wa karibu.

Hapo ndipo swali la magadi linapoanza kujibika. Dhana moja ya zamani ilikuwa nyepesi na ya kuvutia: mlima umekaa karibu na Ziwa Natron, ziwa limejaa magadi, basi magma imepita kwenye tabaka za magadi ya kale na kuziyeyusha. Ukisimama kileleni ukaliona ziwa chini yako, unaelewa kwa nini watu waliiamini. Kemia inaikataa kwa njia nne.

Kwanza, magadi ya ziwani karibu ni sodiamu tupu. Lava ina potasiamu asilimia 8, strontiamu na bariamu zaidi ya 1. Maji ya ziwa la magadi hayawezi kubeba kalsiamu, strontiamu wala bariamu kwa wingi, maana kabonati huzishusha chini mapema kabla magadi hayajaganda. Pili, isotopu za kaboni na oksijeni, yaani atomi za elementi moja zenye uzito tofauti, ambazo wingi wake husomwa kwa kulinganishwa na kipimo rejea. Lava mbichi ina kaboni-13 iliyo kati ya −6 na −7 kwa elfu, na oksijeni-18 kama +6, namba za manto, tabaka la mwamba lililo chini ya ganda la dunia. Lakini pima lava iliyolala usiku kucha kwenye ukungu na oksijeni itapanda, utadhani umepata maji ya ziwa. Mnaona jinsi saa ya kufunga chupa inavyoamua nadharia. Tatu, strontiamu: uwiano wa 87 kwa 86 kwenye natrokabonataiti ni karibu 0.7044, na baadhi ya nefelinaiti za mlima huohuo zina uwiano huohuo. Ganda la kale la bara lililo chini, lenye uwiano wa juu zaidi, lingeacha alama yake. Nne, gesi zilizokusanywa kreta mwaka 2005, ambazo matokeo yake yalichapishwa 2009: kaboni, nitrojeni na heliamu zake hazitofautiani na zile za manto ya juu inayotoka kwenye migongo ya bahari kuu. Magadi ya mlima yametoka chini. Ya ziwani, kwa sehemu kubwa, ndiyo yaliyooshwa kutoka kwenye miamba ya volkano na chemchemi za moto, kisha yakakolezwa na jua.

Limebaki kusema yametokaje chini. Je, manto yenyewe inatoa magadi yakiwa tayari? Hapana, na ushahidi ni magnesiamu. Manto imejaa olivini, madini yenye magnesiamu nyingi. Kimiminika kinachotoka humo moja kwa moja kina magnesiamu nyingi. Lava ya Lengai ina oksidi ya magnesiamu chini ya nusu ya asilimia. Ni zao la mwisho la safari ndefu. Safari yenyewe inaanza kwa manto kuyeyuka kidogo sana, chini ya ngao nene ya bara, ambako kabonidayoksaidi na mika ya flogopaiti zimejikusanya kwa muda mrefu. Vipande vya manto vilivyoletwa juu na volkano za Lashaine na Labait vinaionyesha manto hiyo kwa macho. Elementi nyepesi za kundi la lanthani zinakuwa nyingi kuliko nzito, kwa sababu nzito zimebaki zimeshikwa na madini ya ganeti kule chini.

Magma hiyo inapanda, inaangusha olivini, kisha piroksini na nefelini, na kila hatua inaongeza sodiamu na kaboni kwenye kimiminika kilichobaki. Inafika mahali kimiminika hakiwezi tena kuwa kimoja. Mpishi anajua tui la nazi likichemka bila kukorogwa hukatika, mafuta yakajitenga na maji. Magma hii nayo hukatika, sehemu moja ikawa silikati na nyingine kabonati. Majaribio ya tanuri kwa michanganyiko ya Lengai yameonyesha kukatika huko kwenye nyuzi 700 hadi 750 na shinikizo dogo, yaani si mbali chini ya mlima. Strontiamu na bariamu zinakwenda upande wa kabonati. Zirkoniamu, hafniamu na titaniamu zinabaki na silikati. Ndivyo jedwali la lava linavyosema: titaniamu na zirkoniamu karibu hazimo kabisa. Mnamo Juni 1993 mlima ulitoa ushahidi wa kushikika, lava ya kabonati iliyobeba vidonge vidogo vya nefelinaiti ndani yake. Na ndani ya fuwele za nefelini kuna vitone vilivyonaswa vyenye silikati na kabonati pamoja.

Mlolongo huu unaeleza pia tabia ya mlima. Kuanzia 1983 hadi 2007 ulitoa lava ya magadi kimyakimya. Julai 2007 ardhi ilitikisika upande wa mlima jirani wa Gelai, tetemeko kubwa likifika ukubwa wa 5.9, magma ikipenya kwenye ufa chini kwa chini. Septemba mlima ukalipuka, na majivu yaliyotoka yalikuwa ya nefelinaiti iliyochanganyika na kabonati. Maelezo yanayokubaliana na kemia ni kwamba nefelinaiti mpya yenye joto iliingia kwenye hifadhi ya kabonati, na kabonati ikivunjwa na silikati hutoa gesi nyingi kwa mkupuo. Milipuko ya 1917, 1940 na 1966 inafanana na huo. Kwa hiyo anayefuatilia mlima huu asiangalie lava tu, asome majivu. Majivu yakianza kuonyesha silika na alumini nyingi, nefelinaiti imekaribia juu.

Tahadhari moja kuhusu jirani yake, Kerimasi, na vilima vingine vya kabonataiti ya kalsaiti. Kwa kuwa tumeona magadi yanavyooshwa hadi kubaki kalsaiti, ipo hamu ya kusema kila kabonataiti ya kalsaiti ilikuwa ya magadi zamani. Usiseme hivyo kabla ya kutafuta nyerereaiti iliyonaswa ndani ya fuwele ngumu kama apataiti, na kabla ya kuangalia kama kalsaiti ina umbo la vibao bapa iliyorithi. Zipo kalsaiti zilizozaliwa na magma zikiwa kalsaiti.

Nimalizie na wenzetu wa maji, maana florini ya lava hii na ya majivu ya Meru inaishia visimani. Kwa kawaida maji yenye kalsiamu hujisafisha, kwa sababu florini hushikana nayo na kuzama kama floraiti, yaani floridi ya kalsiamu. Maji ya miamba hii yana sodiamu na baikabonati kwa wingi na kalsiamu kidogo, hivyo florini haina wa kuishusha na hubaki imeyeyuka, mara nyingi juu ya kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Magadi ya kupikia maharage yanayochotwa kwenye maeneo haya nayo hubeba florini, kwa hiyo kisima pekee hakielezi mtoto anakula kiasi gani. Mnapopima kwa elektrodi ya florini, msichovye moja kwa moja kwenye maji ya magadi: haidroksaidi huidanganya elektrodi na namba hupanda, na alumini ikiwemo huificha florini na namba hushuka. Changanyeni maji na kimiminika cha kusawazisha, nusu kwa nusu, hadi pH iwe kati ya 5 na 5.5. Pimeni pH yenyewe baada ya kuchanganya, kwa kuwa maji mazito ya magadi yanaweza kukishinda kimiminika hicho. Yakikishinda, zimueni maji mara 10 kwa maji safi, mrudie, kisha mzidishe jibu kwa 10.